Akina Heinrich wa Reuss: milki ndogo iliyoishi kwa hati na ndoa

Ukisoma orodha ya watawala wa mwisho wa Gera, mji wa mashariki mwa Ujerumani katika jimbo la Thüringen, utadhani mchapaji alisinzia kazini. Heinrich wa 67 alifariki mwaka 1867, akarithiwa na mwanawe, Heinrich wa 14. Huyo naye alipofariki mwaka 1913, kiti kikamwendea mwanawe, Heinrich wa 27. Babu ni wa 67, baba ni wa 14, mjukuu ni wa 27. Mchapaji hana kosa. Katika ukoo wa Reuss kila mtoto wa kiume aliitwa Heinrich, atawale asitawale, akue au afe angali mchanga, na namba alipewa kwa zamu ya kuzaliwa.

Kwa mapokeo ya ukoo wenyewe, desturi hiyo ilikuwa shukrani kwa Kaisari Heinrich wa 6, aliyetawala Dola Takatifu la Kiroma mwishoni mwa karne ya 12 na kuwainua wahenga wao. Kwa karne kadhaa yalikuwa mazoea tu. Mwaka 1668 wakayaandika kuwa sheria ya ukoo: mwana wa kiume hana jina jingine. Tawi la wakubwa, lililokaa Greiz, lilihesabu kwa kanuni ya kufika 100 kisha kuanza upya. Tawi la wadogo, la Gera na Schleiz, lilianza upya kila karne mpya ilipoingia. Aliyebeba namba kubwa kuliko wote ni Heinrich wa 75, mtoto aliyezaliwa 1800 na kufariki 1801. Wale wa Greiz waliojiwekea akiba ya namba 100 hawakufika hata robo, kwa maana tawi lao lilizimika likiwa na Heinrich wa 24.

Wengi wakisimuliwa hayo hucheka, na hawana lawama. Lakini nyuma ya kichekesho kuna swali ambalo wanahistoria wa Ulaya hulichukulia kwa uzito. Mwaka 1866 Prussia iliumeza ufalme mzima wa Hannover, ufalme wenye jeshi, bandari na mfalme wa damu ya Uingereza. Milki mbili za Reuss, zilizokuwa jirani na hazina jeshi la kutajika, zilibaki na watawala wao hadi Novemba 1918. Iliwezekanaje? Jibu langu ni kwamba hawa mamwinyi wadogo waliishi kwa hati na kwa ndoa. Bunduki hazikuwahi kuwalinda, na pale walipojaribu kutunisha misuli waliumia.

Kwanza tuupime udogo wenyewe. Milki ya tawi la wakubwa, yenye makao yake Greiz, ilikuwa na kilomita za mraba 317 hivi, yaani kama theluthi moja ya kisiwa cha Pemba. Ya tawi la wadogo ilikuwa na 827. Ukiziunganisha zote mbili, bado hazifikii ukubwa wa Unguja. Ni nchi ya vilima na misitu ya misonobari, iliyokatwa na mto Weiße Elster upande wa Greiz na Gera, na mto Saale upande wa kusini. Haikuwa na bandari, haikuwa na migodi ya kuwatajirisha majirani wakaiwania, na haikukaa kwenye njia ambayo jeshi kubwa lililazimika kupita. Umaskini huo wa vivutio ulikuwa ngao ya kwanza.

Wahenga wa ukoo huu walianza kama mawakili. Katika karne ya 12 makaisari walihitaji watu wa kusimamia mashamba na misitu yao mashariki, mpakani na Waslavoni, nao wakawapa kazi hiyo wakuu wa Weida. Mawakili hao waliitwa Vögte kwa Kijerumani, na hadi leo eneo hilo linaitwa Vogtland. Kama ilivyo kwa mawakili wa mali ya mtu aliye mbali, vizazi vilivyofuata viliizoea mali hiyo mpaka ikawa yao. Jina la Reuss lenyewe lilianza kama jina la utani: mmoja wao, Heinrich wa Plauen, alioa mjukuu wa Danilo, mfalme wa Galisia katika nchi za Warusi wa magharibi, basi yeye na kizazi chake wakaitwa Warusi. Mwingine wa ukoo huo mpana, naye Heinrich wa Plauen, ndiye aliyeiokoa ngome ya Marienburg mwaka 1410 baada ya mashujaa wa Shirika la Kiteutoni, shirika la watawa wapiganaji, kuchakazwa na Wapolandi na Walithuania kule Tannenberg. Akafanywa mkuu wa Shirika zima, na miaka mitatu baadaye akapinduliwa na wenzake.

Ugonjwa mkubwa wa koo za namna hii ulikuwa urithi. Baba akifa, wana wote hugawana. Mwaka 1564 ndugu watatu wa Reuss waligawana nchi, zikazaliwa tawi la wakubwa, la kati na la wadogo. La kati lilikatika mwaka 1616. Mawili yaliyobaki yakaendelea kugawanyika kila msiba ulipotokea, hata kufikia mwaka 1700 kulikuwa na vijimilki kama kumi vya Reuss, kila kimoja na ngome yake, mahakama yake, mhubiri wake na Heinrich wake. Wakati huo kaka na mdogo wake waliweza kutawala nchi mbili zenye mpaka unaopita katikati ya mji mmoja. Greiz wenyewe ulikuwa na mtawala wa ngome ya juu kilimani na mtawala wa ngome ya chini bondeni, na ngome zote mbili zipo mpaka leo, mgeni akifika anaziona kwa mtazamo mmoja.

Tiba ilipatikana kwa kalamu. Kuanzia mwaka 1690 ukoo ulikubaliana kwamba mzaliwa wa kwanza ndiye mrithi wa utawala, na wadogo zake wapewe mashamba na posho bila mamlaka ya dola. Kutokana na utaratibu huo lilitokea tawi la pembeni la Köstritz, lenye ardhi na jumba la fahari lakini lisilo na dola. Vijimilki vikaanza kurudiana kimoja kimoja kadiri matawi yalivyokosa warithi. Mwaka 1768 Heinrich wa 11 aliunganisha Greiz ya juu na ya chini. Gera ilikosa mrithi mwaka 1802, Lobenstein mwaka 1824, na mwaka 1848 mafungu yote ya tawi la wadogo yakawa chini ya mtu mmoja, Heinrich wa 62 wa Schleiz. Hakuna vita hata moja katika muungano huo. Ni vifo, na mapatano yaliyoandikwa kabla ya vifo.

Katika wote hao yupo mmoja anayestahili kusimamiwa kidogo. Heinrich wa Gera, aliyezaliwa mwaka 1572 baada ya baba yake kufariki na kwa hiyo akaitwa Posthumus, aliutawala mji kwa miongo mingi na akafa mwishoni mwa 1635, katikati ya Vita vya Miaka Thelathini. Alikuwa Mlutheri aliyewapokea wafumaji wa Kiprotestanti waliokimbia mateso katika nchi za Flanders. Mmoja wao, Nicolas de Smit, aliingia Gera mwaka 1595 na ufundi wake wa sufu, na ufundi huo ndio uliokuja kuufanya mji huo kuwa wa viwanda vya nguo karne tatu baadaye. Mwaka 1608 Posthumus alifungua shule ya sekondari iliyobeba jina la ukoo, Rutheneum. Alipenda muziki kwa dhati. Mtunzi mkubwa wa Kijerumani wa karne hiyo, Heinrich Schütz, alizaliwa 1585 pale Köstritz, ndani ya nchi ya Reuss.

Miezi kabla ya kufa, Posthumus alijitengenezea jeneza la shaba. Alichagua mwenyewe aya za Biblia na beti za tenzi za kanisani, akaagiza ziandikwe kulizunguka jeneza, juu ya kifuniko, ubavuni, upande wa kichwa na wa miguu, na akapanga nini kihubiriwe na nini kiimbwe siku ya maziko. Maneno hayo yakakabidhiwa kwa Schütz ayatilie muziki. Maziko yalifanyika Gera tarehe 4 Februari 1636, na kazi iliyoimbwa siku hiyo, Musikalische Exequien, bado inapigwa katika makanisa na kumbi za Ulaya. Mtawala wa nchi ndogo isiyojulikana na mtu, nchi ikiwa inateketea kwa vita na tauni, aliacha kazi ya sanaa ambayo wafalme wengi wa zama zake hawakuacha mfano wake. Na tazama alivyoiacha: kwa maandishi, yaliyopangwa mapema, ili mtu asije akabadili baadaye. Ni tabia ya ukoo.

Tangu mwaka 1673 cheo chao kilikuwa Graf, cheo cha mwinyi wa ngazi ya kati. Mwaka 1778 Kaisari alimpandisha Heinrich wa 11 wa Greiz kuwa Fürst, ngazi ya wakuu wanaotawala, na tawi la wadogo likapandishwa mwaka 1806, mwaka uleule ambao Dola Takatifu la Kiroma lilivunjwa. Dola hilo lilikuwa na mamia ya wenye mamlaka ndani yake, kuanzia mfalme mpaka abati wa monasteri, na lilikuwa na kazi moja ambayo wakosoaji wake hawakuipenda: kumlinda mdogo kwa sheria. Lilipoanguka mbele ya Napoleon, wadogo walimezwa kwa makundi. Mashujaa wa farasi wenye vijiji viwili vitatu, maaskofu na akina Graf kadhaa, wote waliamka wakajikuta ni raia wa jirani yao.

Akina Reuss walisalimika kwa kutia saini mapema. Aprili 1807 waliingia Shirikisho la Rhein lililokuwa chini ya ulinzi wa Napoleon, na sharti lao lilikuwa kutoa askari 450 kwa matawi yote pamoja. Ni bei ndogo kwa watawala, ingawa haikuwa ndogo kwa wakulima walioitwa kwenda kuzijaza nafasi hizo. Napoleon alipoanguka, Mkutano wa Vienna wa 1815 ulihitaji orodha ya nchi halali za kuunda Shirikisho la Kijerumani, na Reuss ilikuwamo katika orodha. Mtu akishakuwa kwenye orodha, kumfuta kunahitaji sababu.

Hapo tumewazungumzia wanaume. Sheria ya 1668 haikuwagusa mabinti. Wao walipewa majina yao wenyewe, na kwa maoni yangu ndio waliofanya mambo yanayoifanya Reuss istahili kusomwa na mtu asiye Mjerumani.

Mchukue Erdmuthe Dorothea, aliyezaliwa mwaka 1700 katika nyumba ya Reuss-Ebersdorf, kimojawapo cha vijimilki vya tawi la wadogo. Ebersdorf ilikuwa jumba la watu wa sala, waliotaka Ulutheri wa moyoni kuliko wa vitabuni. Mwaka 1722 Erdmuthe aliolewa na Nikolaus von Zinzendorf, kijana mwinyi wa Saksonia aliyekuwa na mawazo ya namna hiyohiyo. Mwaka huohuo wakimbizi wa dini kutoka Moravia walipewa mahali pa kujenga katika shamba la Zinzendorf, wakapaita Herrnhut. Bwana alihubiri, alisafiri, aliandika tenzi, na fedha zilimponyoka mikononi. Aliyeshika daftari za hesabu alikuwa mkewe. Mwaka 1732 mali ikaandikishwa kwa jina la Erdmuthe, kwa hiyo serikali ya Saksonia ilipomfukuza mumewe nchini miaka minne baadaye, mashamba yalibaki salama na jumuiya ikaendelea kula. Mwaka huo wa 1732 Herrnhut ilituma wamisionari wake wa kwanza, waliokwenda kisiwa cha St. Thomas katika Karibi. Mwaka 1891 wenzao waliingia Rungwe, kwa Wanyakyusa, chini ya Theodor Meyer, na baadaye wakashika kazi ya Unyamwezi pia. Mwumini wa Kanisa la Moravian wa Tukuyu, Mbeya au Tabora ambaye hajawahi kulisikia jina la Reuss anasali katika kanisa ambalo miaka yake ya mwanzo ilibebwa na hesabu za binti wa Ebersdorf.

Kutoka jumba hilohilo alitoka Auguste, aliyezaliwa mwaka 1757, binti wa Heinrich wa 24 wa Ebersdorf. Aliolewa mwaka 1777 na mrithi wa Sachsen-Coburg-Saalfeld, milki nyingine ndogo iliyozama katika madeni. Ndoa ya maskini wawili wenye vyeo, unaweza kusema. Lakini Auguste alikuwa na jicho la kupanga watoto kuliko balozi yeyote. Binti yake Juliane aliolewa na mwana wa ukoo wa Tsar wa Urusi. Mwanawe Leopold akawa mfalme wa kwanza wa Ubelgiji mwaka 1831. Binti yake mwingine, Victoire, aliolewa na Duke wa Kent, akamzaa Malkia Victoria wa Uingereza. Mwanawe mkubwa, Ernst, ni baba yake Albert, aliyekuja kumwoa Victoria. Kwa hiyo malkia ambaye jina lake lilibandikwa kwenye Nyanza yetu, pamoja na mumewe, wote wawili walikuwa wajukuu wa bibi mmoja aliyezaliwa katika kijiji cha Reuss. Nyumba nyingi za kifalme zilizobaki Ulaya leo zinafika kwa Auguste ukizifuatilia nasaba.

Kulikuwa na sababu ya kisheria iliyowapa mabinti hao soko. Katika desturi ya Ujerumani, ndoa ya kifalme iliweza kutoa warithi wa kiti pale tu ambapo pande zote mbili ni za nyumba zinazotawala au zilizowahi kutawala. Binti wa tajiri mkubwa wa Hamburg hakuweza kumzalia mfalme mrithi. Binti wa Reuss, hata kama baba yake anatawala vijiji 30, aliweza. Tena alikuja bila madai ya kisiasa, kwani baba yake hakuwa na nguvu ya kumtisha mkwewe. Wafalme walipenda hilo.

Turudi kwa wanaume, na tupite haraka kwa Heinrich wa 72 wa Lobenstein na Ebersdorf, ambaye magazeti ya zama zake yaliona raha kumtania kwa matangazo yake ya kiserikali yenye majigambo. Mwaka 1843 alimwalika Ebersdorf mcheza dansi Lola Montez, akachoshwa na vituko vyake, akamfukuza. Lola alikwenda zake, na miaka mitatu baadaye akatua Munich, ambako mapenzi yake na Mfalme Ludwig wa Kwanza yalichangia kumwondoa mfalme huyo kitini mwaka 1848. Heinrich wa 72 naye aliachia madaraka mwaka huohuo wa mapinduzi, raia wake wakiwa wamemchoka.

Mwaka 1866 Prussia na Austria zilipigana kuamua nani ataiongoza Ujerumani. Tawi la wadogo liliinama upande wa Prussia. Greiz ilikuwa chini ya Caroline, mjane aliyeshika madaraka kwa niaba ya mwanawe Heinrich wa 22, aliyerithi kiti akiwa na miaka 13. Caroline alikuwa binti wa Hessen-Homburg, na moyo wake ulikuwa upande wa Austria, na akasimama na Austria. Huko ndiko kutunisha misuli nilikokutaja. Askari wa Prussia waliingia Greiz bila upinzani, na nchi ikatozwa taler 100,000, zilizokwenda kwenye mfuko wa wajane na mayatima wa vita.

Kwa nini Bismarck, waziri mkuu wa Prussia, hakuimeza kabisa, kama alivyofanya kwa Hannover, Hessen-Kassel, Nassau na mji huru wa Frankfurt? Ramani inajibu. Hannover na Hessen-Kassel zilisimama katikati ya vipande viwili vya Prussia, mashariki na magharibi, nazo zilizuia reli, barabara na jeshi. Greiz haikuzuia kitu. Kuimeza kungeleta fadhaa kwa watawala wengine wadogo ambao Bismarck alitaka waingie katika muungano wake kwa hiari, na faida yenyewe ingekuwa viwanda vichache vya sufu. Akaiacha, akaipa hati: katika katiba ya shirikisho lake jipya, na baadaye ya Dola la Kijerumani la 1871, kila milki ya Reuss ilipata kura moja katika Bundesrat, baraza la serikali za nchi wanachama, ambalo katika Dola hilo lilianza na kura 58. Prussia yenyewe ilijiwekea 17.

Heinrich wa 22 alikua akiwa na kinyongo cha aibu ile ya 1866, na alitawala mpaka 1902. Alikuwa Mlutheri wa msimamo mkali, mhafidhina asiyependa Prussia, asiyempenda Bismarck, asiyependa hata wazo la Dola. Hakuwa na jeshi la kumpinga mtu. Alikuwa na ile kura moja, na aliitumia kusema hapana. Mwaka 1896, Ujerumani ilipokuwa inapitisha sheria mpya ya madai kwa nchi nzima, kazi ya wanasheria ya zaidi ya miaka 20, Greiz ilipiga kura ya kuikataa. Berlin ilikasirika na kucheka kwa zamu. Wakati huohuo raia wa Greiz, wengi wao wafumaji na vibarua wa viwanda vya sufu, walikuwa na hapana yao wenyewe: mwaka 1877 walimpeleka bungeni msoshalisti, Wilhelm Blos, kuwa mbunge wa jimbo la mtawala mhafidhina kuliko wote. Binafsi namheshimu Heinrich wa 22 kwa ukaidi wake, lakini tusimgeuze shujaa wa uhuru. Alitaka kurudisha zama ambazo raia hawaulizwi. Greiz ilipata katiba mwaka 1867 tu, baada ya kipigo, wakati majirani walikuwa nazo muda mrefu.

Mwanawe pekee, Heinrich wa 24, alikuwa mlemavu wa mwili na akili tangu utotoni, akashindwa kutawala. Hapo ndipo hati zilipoonyesha nguvu na upuuzi wake kwa pamoja. Kuanzia 1902 milki ya Greiz iliongozwa kwa niaba yake na mtawala wa Gera, kwanza Heinrich wa 14, kisha mwanawe Heinrich wa 27. Mtu mmoja, nchi mbili, mabaraza mawili ya kutunga sheria, kura mbili katika Bundesrat. Hakuna aliyeziunganisha, kwa sababu mkataba haukusema hivyo.

Gera ya wakati huo ilikuwa mji tajiri. Viwanda vya nguo vilijenga majumba ya kifahari ambayo mengine yamesimama hadi leo, na mwaka 1902 lilifunguliwa jengo jipya la michezo ya kuigiza. Mchoraji Otto Dix, aliyezaliwa mwaka 1891 ng'ambo ya mto kule Untermhaus, mtoto wa mfanyakazi wa kiwandani, alikwenda kusoma sanaa Dresden kwa msaada wa masomo uliotolewa na mtawala. Baadaye michoro yake ya mahandaki ya vita ilikuwa mashitaka makali dhidi ya ulimwengu wa watu kama wafadhili wake.

Mwisho ulikuja kwa siku chache za Novemba 1918. Kaisari Wilhelm wa Pili alikimbilia Uholanzi, na Heinrich wa 27 akatia saini kuachia madaraka ya nchi zote mbili bila risasi kupigwa. Mwaka 1919 Gera na Greiz ziliungana kuwa dola moja la wananchi, muungano ambao akina Heinrich walishindwa kuufanya kwa miaka 355, na tarehe 1 Mei 1920 dola hilo likaingia katika jimbo jipya la Thüringen pamoja na nchi nyingine sita ndogo.

Yaliyofuata hayana utulivu huo. Heinrich wa 24 alifariki 1927, na tawi la Greiz likaisha. Dada yake Hermine, mjane mwenye watoto, aliolewa tarehe 5 Novemba 1922 kule Doorn na Kaisari aliyefukuzwa. Chanzo cha ndoa hiyo kilikuwa barua ya salamu za siku ya kuzaliwa ambayo mwanawe mdogo alimwandikia Kaisari, naye akamwalika mtoto pamoja na mama yake. Binti wa mtu aliyeichukia Prussia kuliko wote akawa mke wa mkuu wa ukoo wa Prussia, mume ana miaka 63, mke 34. Alifariki mwaka 1947 huko Frankfurt an der Oder, akiwa chini ya ulinzi wa Warusi. Katika tawi la Gera, Heinrich wa 45, mpenzi mkubwa wa michezo ya jukwaani aliyejiunga na chama cha Nazi miaka ya 1930, alikamatwa na jeshi la Kisovieti mwaka 1945 na hakuonekana tena. Mahakama ilimtangaza kuwa amekufa mwaka 1962, mwaka uleule ambao magofu ya ngome yao ya Osterstein, iliyopigwa mabomu Aprili 1945, yalilipuliwa.

Heinrich wa 45 hakuwa na mtoto. Miaka kumi kabla ya kukamatwa alikuwa amemwasili Heinrich wa Kwanza wa tawi la Köstritz, wale waliopewa mashamba bila dola. Mmoja wa wana wa huyo aliyeasiliwa ni Heinrich wa 13, mfanyabiashara aliyezaliwa 1951, ambaye jina lake lilisambaa duniani tarehe 7 Desemba 2022, polisi wa Ujerumani walipomkamata pamoja na wenzake kwa tuhuma za kupanga kuipindua serikali. Moja ya nyumba zilizopekuliwa ni jumba la uwindaji karibu na Bad Lobenstein, katika ardhi ya zamani ya ukoo. Kesi yake ilifunguliwa Frankfurt mwezi Mei 2024. Waendesha mashtaka wanadai alikuwa awe kiongozi wa dola jipya, na ukoo wenyewe ulikuwa umekwisha kujitenga naye hadharani.

Kosa ni lake au si lake, mahakama itasema. Lakini anayedhani kwamba jina la Reuss liliwahi kuwa na nguvu ya kuangusha serikali hajaisoma historia ya Reuss. Mara moja tu katika zama za karibu nyumba hiyo ilisimama dhidi ya mwenye nguvu, mwaka 1866, na matokeo yake yalikuwa bili ya taler 100,000. Hati iliyotawala mambo yao tangu walipoachia madaraka ni katiba ya Ujerumani ya 1919, iitwayo ya Weimar, iliyofuta haki za kikabaila na kuvigeuza vyeo kuwa sehemu ya jina la ukoo. Kwa sheria hiyo, ambayo kifungu chake bado kinatumika Ujerumani, neno Prinz lililo mbele ya Reuss ni jina kama Müller au Schmidt, na halina ardhi, ushuru wala kura.